Nyumba ya Kufunguliwa

Ukiuliza katika mji wa Mandera fundi wa nyumba yuko wapi, utaelekezwa kwa kijana mwenye mwiko na pimamaji. Uliza swali hilohilo kwenye maboma ya wafugaji upande wa Takaba au Banissa, utapelekwa kwa mama mtu mzima aliyeketi kivulini, anasokota kamba. Huyo ndiye mjenzi. Nyumba yake ni aqal, kuba la fito lililovikwa mikeka, na kwa desturi ya Wasomali mwanamume hana kauli juu yake. Mwanamke ndiye anayeijenga, ndiye anayeivunja, ndiye mwenyewe. Ndoa ikifika mwisho, mume ndiye anayetafuta pa kulala.

Mimi ni mtu wa Pwani, nimekulia katika nyumba ya kukandika. Kwetu ujenzi ni msaragambo: huyu anasimamisha nguzo, yule anafunga fito, watoto wanakanyaga udongo mpaka magotini, na jioni kuna sufuria la wali. Kwa hiyo marafiki zangu wa Mandera waliponialika siku ya kumjengea binti yao aqal ya harusi, nilikwenda na moyo mkunjufu. Kazi niliyopewa na nyanya wa bibi harusi, ambaye kila mtu pale alimwita ayeeyo, ilikuwa moja tu.

“Mwalimu, shika hapo. Usivute. Shika tu.”

Nikashika. Na katika kushika ndipo nilipopata nafasi ya kutazama.

Mbavu za nyumba ile hazikuwa matawi. Zilikuwa mizizi ya mgunga, ile inayotambaa mbali chini ya mchanga ikitafuta maji, mirefu na minyofu. Huchimbwa, humenywa ingali mbichi, hupindwa kidogo kidogo na kufungwa kamba ili ikauke na umbo la upinde. Mzizi ukishakauka hivyo, umbo hilo haulisahau. Ncha moja inakwenda ardhini, nyingine inapanda kukutana na mwenzake juu, na hapo kwenye makutano ndipo penye kazi. Kila ubavu unataka kurudi nje, kila mmoja unausukuma ulio mbele yake. Mtu mmoja hawezi kuzishika ncha mbili na wakati huohuo azifunge. Lazima awepo wa pili, na kwa kuba zima lazima wawepo wengi, wamezunguka, kila mmoja na ubavu wake, mpaka mafundo ya kutosha yakazwe na nyumba ianze kujishika yenyewe. Nimesikia hotuba nyingi za harambee. Sijaona inayoeleza umoja vizuri kuliko zile ncha mbili.

Fundo lenyewe linastahili kusimuliwa. Ayeeyo alizungusha kamba mara tatu, akaipitisha chini, akaacha kitanzi kidogo kimetokeza. Nilidhani hajamaliza. Akacheka, akavuta ncha ya kitanzi, fundo lote likafunguka mkononi mwake; akalifunga tena. Kamba haikatwi katika ujenzi huu, na aliyeitengeneza anajua kwa nini. Ni ganda la ndani la mgunga, limebanduliwa, likatafunwa kwa meno mpaka likalainika, likasokotwa juu ya paja. Mikeka ndiyo kazi ndefu zaidi, ya miezi, ya nyuzi za magome na miyaa ya mkoma, na nayo haifumwi peke yako. Wanawake huketi pande mbili, wakifuma na kuimba nyimbo maalumu za kazi hiyo, na ndani ya nyimbo hizo hupitisha maneno ambayo mume akiyasikia moja kwa moja pangechafuka.

Sisi tuliolelewa kwenye saruji tunamsifu fundi kwa nyumba isiyotikisika. Hapa sifa ni nyingine. Mandera hupata takriban milimita 250 za mvua kwa mwaka, tena hazinyeshi pote: leo wingu limeshuka Rhamu, Lafey hakuna hata tone. Majani yakiota kule, mifugo inakwenda kule, na nyumba iliyogoma kuondoka inakuwa adui wa mwenyewe. Ndiyo maana fundi wa aqal hupimwa siku ya kuhama. Mafundo yanafunguka bila kisu, mikeka inashushwa kwa mpangilio na kutandikwa juu ya mgongo wa ngamia wa mizigo, mbavu zinafungwa ubavuni mwake zikisimama juu kama jahazi lisilo na tanga, na katikati ya mbavu hizo wanawekwa watoto wadogo, wazee, na wana-mbuzi waliozaliwa juzi. Hakuna kifusi. Panabaki mafiga matatu na duara la udongo uliokanyagwa.

Huko mjini mabati yamekuwa heshima, na simlaumu aliyeyaezeka. Mtoto anataka shule, shule haihami. Lakini ingia katika chumba cha mabati saa nane mchana mwezi wa pili, kisha uingie katika aqal, halafu tuzungumze habari ya maendeleo. Ukame umewamalizia wengi ngamia, na migunga imekatwa kwa makaa, hivyo siku hizi utaona kuba zilizofunikwa magunia na maturubai. Wakimbizi walipofika Dadaab, kambi zilipofunguliwa mwaka 1991, wanawake walisimamisha kuba hizohizo kwa matawi, vitambaa na plastiki. Vifaa vilikuwa duni, ila mkono ulikuwa uleule.

Mwaka 1995 msanifu majengo Mmarekani, Labelle Prussin, alichapisha kitabu kizima kuonyesha kwamba majengo ya wahamaji wa Afrika ni usanifu kamili, na kwamba wasanifu wake ni wanawake. Aliwaweka pamoja Wasomali, Warendille, Wagabra na wengine hadi Sahara. Nashukuru kwamba ameandika. Ila ayeeyo wa Mandera hahitaji kitabu; anahitaji wanafunzi, na binti zake wengi sasa wako bweni au Eastleigh.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia vyuo vya ufundi vya Mandera, Wajir na Garissa: waiteni hawa mama waje wafundishe kupinda mzizi, kusokota kamba na kufunga fundo lile, vijana wa kiume pia wakiwemo darasani. Na mwisho wa mwezi wapewe mshahara wa mkufunzi, si leso na sukari.