Lukla: Kiwanja cha Ndege Kilichoegemea Mlima

Kabla ya mwaka 1964, msafiri aliyeazimia kufika Lukla, kijiji cha Washerpa katika milima ya Himalaya nchini Nepali, hakuwa na njia ila miguu yake, na mzigo wake aghalabu ulibebwa mgongoni mwa mpagazi, aliyeuning'iniza kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Ndipo Edmund Hillary, aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953, alipofanya shauri la kujenga kiwanja cha ndege, muradi wake kupitisha vifaa vya hospitali ya kijiji cha Khunde.

Ardhi tambarare aliyoitamani ilikuwa mashamba ya watu, nao wakamkatalia, kwa kuwa ndiyo riziki yao. Akaridhia kununua ardhi ya mteremko. Udongo ulipoonekana kuwa laini mno, Washerpa walishikana mikono, wakacheza ngoma yao ya kukanyaga kwa kishindo hadi ukashikamana. Lami haikuwekwa ila mwaka 2001.

Tutazame sasa hesabu yake. Kiwanja kiko takriban mita 2,845 juu ya bahari, ambako hewa imepungua uzito kwa kadiri ya robo, hata ndege yahitaji kasi zaidi kwa asilimia 15 hivi ili mbawa ziibebe, ilhali njia yenyewe ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu. Tatizo hilo halikutatuliwa na chuma wala mashine, bali na mteremko ule ule uliodhaniwa kuwa aibu ya mahali: kutoka ncha ya chini, penye genge, hadi ncha ya juu, penye ukuta wa mlima, ardhi yainuka mita 60 hivi. Ndege hutua ikipanda. Na kwa kanuni za fizikia, chombo chenye mwendo wa kilomita 120 kwa saa, kikipanda kimo hicho pasipo kusukumwa na injini, humaliza nguvu zake zote hata kisipoguswa breki, mithili ya mkokoteni uliosukumwa kilimani kisha ukaachiwa. Wakati wa kuondoka, ndege hugeuzwa ikaelekea bondeni, na mlima uliokuwa breki ukawa msukumo.

Hata hivyo neema hiyo ina sharti lake. Rubani aliyekwisha karibia hana nafasi ya kughairi, maana mbele yake ni jabali. Kwa hiyo haruhusiwi kutua hapo asiye na uzoefu maalumu, na safari aghalabu hufanywa asubuhi, kabla upepo na mawingu hayajapanda kutoka bondeni.

Basi, enyi mafundi wa nchi zenye milima, kabla ya kuleta baruti na tingatinga kulisawazisha jabali, lipimeni kwanza mjue ni kazi gani liwezalo kuwafanyia.