Shujaa Asiye na Nafasi: Juzuu ya 13 ya Berserk

Manga za mapigano huwa na desturi moja: shujaa akibanwa, mchoraji humfungulia ukurasa. Fremu inapanuka, mistari ya kasi inatiririka nyuma yake, upanga unakata kutoka ukingo hadi ukingo. Kentaro Miura aliimudu desturi hiyo kuliko wengi. Katika Berserk, mfululizo alioanza kuuchapisha Japani mwaka 1989, kuna usiku ambao shujaa wake, Guts, anawakabili peke yake askari mia moja msituni. Mwendo wote wa kurasa zile unatoka begani mwake. Wengine huanguka tu pale upanga wake unapopita.

Juzuu ya 13, iliyotoka 1997, inatumia zana zile zile, ila imemnyang'anya Guts.

Griffith, kiongozi wa Kikosi cha Mwewe, amevunjwa mwili kwa mwaka mzima wa mateso gerezani. Jua linapopatwa, anakubali kuwatoa wenzake, wakiwemo Guts, Judeau na Casca, kafara ili azaliwe upya na nguvu za kishetani. Karamu ya mazimwi, iliyoanza juzuu ya 12, inafika kileleni hapa. Guts anapigana, tena kwa ukali usio kifani, lakini angalia mistari ya kasi ni ya nani: ni ya mazimwi. Yeye anachorwa akiwa amekabwa, amebanwa kati ya meno na makucha, mara nyingi uso tu ndio unaoonekana. Pigo lake linaloleta matokeo makubwa kuliko yote anajipiga mwenyewe. Zimwi limeung'ang'ania mkono wake wa kushoto kwa meno, naye anaukata kwa kipande cha upanga uliovunjika. Miura haipi kazi hiyo pigo moja safi. Anairefusha, tena na tena, mpaka msomaji atamani iishe.

Halafu kuna giza lenyewe. Manga ni wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, na njia rahisi ya kuchora giza ni kujaza weusi, au kubandika zile karatasi za vitone vya kijivu ambazo wachoraji wa Japani huzikata kwa wembe. Miura anategemea zaidi kalamu: michirizi myembamba inayopishana, safu juu ya safu, kwa namna inayokumbusha michoro ya Gustave Doré ya Jehanamu ya Dante. Ardhi ya ulimwengu ambamo karamu ile inafanyika imeumbwa kwa nyuso za watu, na nyuso hizo zimechorwa kwa uzito ule ule wa mstari unaochora mazimwi. Hakuna mandhari ya nyuma ya kupumzishia macho. Unamtafuta Guts ndani ya ukurasa kama anavyoitafuta yeye njia ya kutokea.

Mwendo wa kusoma nao unasaidia. Manga husomwa kutoka kulia (msomaji wa msahafu hahitaji kufundishwa hilo), kwa hiyo kona ya chini kushoto ndiyo mlango wa ukurasa unaofuata. Mchoraji wa kawaida angeweka kishindo nyuma ya kila mlango. Miura anajua pia kunyamaza: kifo cha Judeau, aliyemlinda Casca hadi mwisho bila kumwambia anachokihisi, kinachorwa polepole, karibu bila mwendo, katikati ya vurugu ile. Kinauma kuliko vifo vya kishindo, na sababu ni mpangilio wa fremu kuliko damu.

Mahali ambapo ufundi huu unamponyoka ni Casca. Femto, yaani Griffith aliyezaliwa upya, anambaka mbele ya Guts aliyebanwa chini, na kabla ya jicho lake la kulia kutobolewa hicho ndicho kitu cha mwisho linachokiona. Kimuundo, wazo linaeleweka: shujaa amebakiwa na macho tu, nayo yanageuzwa kuwa adhabu. Lakini mchoro unakaa mno juu ya mwili wa Casca, kwa urembo ambao tukio halikuuhitaji. Tulipaswa kubaki na jicho la Guts. Badala yake tunaazimwa jicho la mbakaji.

Mwendo huru unarudi mpiganaji aitwaye Shujaa wa Fuvu anapopasua mpaka wa ulimwengu ule na kuingia na farasi wake. Ghafla kuna anga, kuna umbali, kuna kurasa mbili zinazopumua. Guts hana mchango wowote hapo. Anabebwa kama mzigo.

Uamuzi mgumu kuliko yote, hata hivyo, haumo kitabuni. Sura ya 83, ambamo Griffith anakutana na nguvu iliyo nyuma ya yote, ilichapishwa katika jarida la Young Animal, lakini Miura aliomba isiingizwe kwenye juzuu kwa kuwa ilifichua mengi mno kuhusu ulimwengu wa hadithi. Kwa hiyo msomaji wa kitabu anamwona Griffith akimezwa, kisha anamwona Femto akitoka. Alichoambiwa huko ndani, Guts hakijui, wala sisi.