Kitabu cha likizo na swali la mwongozo

Majuzi binti wa jirani yangu hapa Chepkoilel alikuja kuniomba kitabu cha kusoma. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, matokeo yake si haba, na sasa anasubiri kujiunga na chuo kikuu. Amechoka na simu, ndivyo alivyosema mwenyewe, na mvua ya Agosti haimpi mtu nafasi ya kutembea. Nilifurahi kupita kiasi. Nikapanda juu ya kiti, nikaishusha riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, nikaipangusa vumbi, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto. Aliigeuza, akaitazama mgongoni, akaangalia ukurasa wa mwisho una namba gani. Kisha akauliza, "Mwalimu, hii iko na mwongozo?"

Nilicheka, ila kicheko chenyewe hakikufika mbali. Huyu hana mtihani wowote mbele yake. Hakuna atakayemuuliza swali. Mbona basi ahitaji mwongozo? Na kulikuwa na jambo jingine lililonikata kicheko: mimi mwenyewe nimewahi kuandika mwongozo.

Hebu niungame. Katika miaka ya tisini, nikiwa mhadhiri mchanga mwenye watoto watatu na karo shingoni, mchapishaji mmoja aliniomba niandike mwongozo wa riwaya iliyokuwa ikitahiniwa. Sitaitaja, nisije nikamtia mwandishi wake aibu isiyo yake. Niliuandika usiku kwa wiki tatu: muhtasari wa sura moja moja, maudhui, dhamira, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha, maswali ya marudio. Uliuzika kuliko chochote nilichokiandika baadaye, ikiwemo tasnifu yangu ya uzamifu, ambayo nadhani imesomwa na watu watano, watatu kati yao wakiwa watahini wangu. Kwa mirabaha ya mwongozo ule nilinunua ng'ombe wa maziwa. Mke wangu alimpa jina Dhamira. Watoto wangu wamekunywa chai ya Dhamira miaka na miaka.

Kwa hivyo sina ubavu wa kumlaumu binti wa watu. Lakini swali lake limenikaa rohoni, na leo nataka tulitumie kupimia jambo ambalo aghalabu tunalichukulia kama mchezo, yaani vitabu vya kusoma wakati wa likizo.

Wenzetu wa Uropa wana desturi yao. Nilipokuwa masomoni huko, kila ilipofika Julai magazeti yalijaa orodha za vitabu vya kiangazi, vya kubeba ufuoni, vyepesi, vya kuachwa hotelini mtu akiondoka. Sisi hatuna kiangazi cha namna hiyo. Huku Uasin Gishu, Agosti ni matope, majani mabichi ya mahindi, na matatu za kwenda Ziwa zilizokwama njiani. Hata hivyo, likizo tunayo. Kinachokosekana ni kitabu kisicho na kazi. Tangu mtoto akiwa darasa la chini, kila kitabu cha Kiswahili anachokishika kina swali linalomsubiri mwishoni. Akimaliza shule, maswali yanakwisha na vitabu navyo vinakwisha. Waulize watu wazima, mawakili kwa madaktari, riwaya ya mwisho ya Kiswahili waliyoisoma. Watakutajia ile waliyotahiniwa.

Sasa, mwongozo unamfanya nini msomaji? Si kwamba unadanganya. Ukichukua Vuta N'kuvute, mwongozo utasema riwaya inahusu ndoa ya kulazimishwa, ubaguzi wa rangi, ukoloni na harakati za ukombozi Zanzibar ya miaka ya hamsini, pamoja na nafasi ya mwanamke. Yote ni kweli. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, anaozwa Raza, mfanyabiashara anayeweza kuwa baba yake. Anatoroka. Jamaa zake wanamkana. Anapata hifadhi Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, na huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na sasa anasakwa na polisi wa mkoloni. Haya unaweza kuyaandika kwenye karatasi moja ukapata alama zako zote.

Ila hayo siyo yanayomfanya mtu asiizime taa. Kinachokushika ni kile chumba cha Mwajuma. Ni umaskini wenye vicheko, taarabu, majungu na mapishi, na msichana aliyelelewa kwenye nyumba ya heshima za Kihindi anayejifunza hapo, kidogo kidogo, kwamba anaweza kuwa mtu. Hakuna sura yenye kichwa "nafasi ya mwanamke". Kuna mwanamke, basi. Nikiwa mhakiki nitasema pia kasoro yake: Denge mara nyingine huzungumza kama karatasi za siasa anazozisambaza, na pale anaponena kirefu mimi huwa natamani turudi kwa Yasmin. Shafi mwenyewe nadhani alijua hilo, kwa kuwa hakuikabidhi riwaya mikononi mwa Denge. Nani anampata Yasmin mwishoni? Sikwambii. Wapo walioona filamu aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 wakadhani wamemaliza kazi. Hawajamaliza.

Na hapo ndipo nilipogundua kosa langu kwa yule binti. Mtu aliyezoea kutafuna muhtasari ukimpa riwaya nene yenye watu wengi, ataitafutia muhtasari, na mtandaoni ataupata. Alikuwa amekwisha kufika langoni nilipomwita arudi. Nikamwongezea Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla.

Wenye kumbukumbu watakijua kitabu hiki. Kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Bwana Ali anakutwa amekufa kwenye mzimu, na Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anaingia kazini akifuatana na Najum. Ni wazi mwandishi alikuwa amewasoma Sherlock Holmes na Watson wake akaipenda biashara ile. Mwenyewe alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo la Zanzibar, jambo linalonifurahisha mimi ninayeishi mahali palipoanzishwa na walowezi mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza wakulima, kabla hapajawa chuo cha walimu, kisha bewa la Chuo Kikuu cha Moi, na sasa Chuo Kikuu cha Eldoret.

Enzi za ujana wangu tulifundishwa kukibeza kitabu cha aina hii. Tulikiita fasihi pendwa, na neno "pendwa" tulilitamka kama tusi. Fasihi ya kweli ilipaswa kuikosoa jamii, ilhali upelelezi ulikuwa wa kupitishia muda. Nami nikawafundisha wengine vivyo hivyo. Leo nafikiri nilikosea, na sababu yenyewe ni hiyo miongozo. Riwaya ya upelelezi ndiyo pekee inayokufa papo hapo ukiifanyia muhtasari. Mwambie mtu nani aliyeua, umekwisha kumpokonya kitabu. Msomaji analazimika kutembea hatua kwa hatua na Najum, akose naye, arudi nyuma kurasa kumi kuangalia alichokipita. Huko kurudi nyuma ndiko kusoma, jamani. Binti aliyezoea kuuliza "mwandishi anatufunza nini" anaanza kuuliza "kwa nini huyu alisema vile jana?" Na swali hilo la pili ndilo tunalolihangaikia sisi chuoni miaka minne bila kufanikiwa.

Kasoro zipo. Bwana Msa mwishoni huwakalisha watu akawahutubia mno. Nasaba za wahusika wa Abdulla husokotana hadi unahitaji kalamu. Lakini mazungumzo! Kiswahili cha Unguja kinachoruka kama samaki, utani, majibizano, watu wanaokatizana kauli. Mwanafunzi wa bara akikisoma atakuta lugha aliyodhani ni ya insha ikitumiwa na watu kutaniana.

Kuna mwenzangu idarani aliyenicheka niliposimulia haya. Yeye anashikilia kuwa likizo ndiyo wakati wa kusoma vigumu, kwa sababu hakuna anayekuharakisha, na kwamba ningempa binti Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990. Kitabu hakifiki hata kurasa mia, asema, utakimaliza mvua ikinyesha. Hoja yake si mbaya. Naipenda Nagona, nimeisoma mara nyingi, na kila mara naamka kama aliyeota ndoto ya mtu mwingine. Lakini ni kitabu cha mtu aliyekwisha kuamini kwamba kusoma ni starehe. Asiyeamini bado atakimbilia mwongozo kabla ya ukurasa wa tano, na nisingemlaumu. Tulibishana mpaka chai ikapoa, hatukukubaliana.

Kusadikika ya Shaaban Robert nayo nisingeianzia, na watu wa Tanga mniwie radhi. Ni kitabu kikubwa, nimekifundisha kwa furaha, ila kijana aliyekwisha kuhubiriwa miaka kumi na miwili shuleni hahitaji mahubiri mengine likizoni. Shaaban wa likizo ni yule wa Wasifu wa Siti Binti Saad. Mwanamke wa kijiji cha Fumba aliyeuza vyungu, hajui kusoma wala kuandika, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake: hapo mwandishi anapunguza kuonya na kuanza kustaajabu.

Na iwapo unaishi huku kwetu, usipite bila Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba yake pande za Kitale. Wahakiki, nami nikiwemo, tumelalamika kuwa bahati inambeba Kongowea kupita kiasi, kwamba ni hodari wa kila kitu na sadfa zinamfungulia kila mlango. Ni kweli. Lakini nakumbuka nilivyoisoma mara ya kwanza: karibu kila riwaya ya Kiswahili niliyoijua ilikuwa na minazi na bahari, na hii ikawa inapanda kuja kwetu, kwenye baridi na mahindi. Haikuwa jambo dogo kwa msomaji wa Kitale, Eldoret au Kapsabet kuona kwamba barabara anayoipanda kila siku inaweza kuandikwa kwa Kiswahili fasaha. Walibora alituacha Aprili 2020. Ambaye amezichoka riwaya zake kwa sababu ya mitihani na aanze na Nasikia Sauti ya Mama, tawasifu yake, ambayo haina Kongowea wala sadfa.

Kwa waliosoma Gurnah kwa Kiingereza baada ya Nobel ya 2021, au walionunua bila kusoma (wapo, nawajua), ipo Peponi, tafsiri ya Paradise aliyoifanya Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapotolewa na baba yake kufidia deni. Katika Kiingereza nilikuwa nikisikia Kiswahili kikinong'ona chini ya maneno. Katika tafsiri kimeketi barazani.

Tatizo ni kuvipata. Wiki iliyopita nilienda mjini kununua nakala nyingine ya Mzimu wa Watu wa Kale, maana yangu imelegea gundi. Nikaingia duka moja la vitabu, safi, lenye rafu hadi darini. Kijana wa kaunta alikuwa mpole.

"Ni ya fomu gani, mzee?"

"Si ya fomu yoyote. Ni ya kusoma."

Alifikiri kidogo. "Hiyo basi hatuna."

Rafu nzima nyuma yake ilikuwa miongozo. Niliitazama kwa haya kidogo, kama mtu aliyekutana na jamaa aliyemkana.

Binti alirudi baada ya siku kumi na mbili na Mzimu mkononi. Alikuwa amemkasirikia Najum kwa kuchelewa kuelewa mambo, na alimshuku mtu asiye na hatia hadi karibu na mwisho, na bado anaona alikuwa na sababu zake. Tulibishana juu ya hilo nusu saa tumesimama ukumbini. Habari za mwongozo hakuzitaja. Aliuliza kama huyo Bwana Msa ana vitabu vingine, nikampa Kisima cha Giningi.

Vuta N'kuvute hakuirudisha. Anasema imo mikononi mwa mamake, ambaye huisoma jioni akingoja maziwa yachemke, na wiki hii yameshafurika mara mbili.