Pongezi kwa Wanunguli

Chama cha Bununguli, cha wawindaji wa nungunungu huko Usukuma, kinastahili pongezi zaidi kwa undugu wake kuliko kwa nyama. Nungunungu hutoka usiku kufukua viazi vitamu na karanga. Mchana hulala shimoni. Kumfuata humo ni kutambaa kifudifudi gizani, miba mbele, udongo juu, uhai wako ukiwa mikononi mwa wenzako walio nje. Kazi hiyo huifanyi na mtu usiyemwamini. Ndiyo maana chama kilikuwa na mafunzo, dawa na nyimbo, na Frank Gunderson, katika kitabu chake cha 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, amezipa za wawindaji nafasi pamoja na za wakulima.

Wapo watakaosema huu ni ujangili uliopambwa kwa ngoma. Hoja ina uzito: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali, na iheshimiwe. Lakini mtega nyaya anayeuza nyama Mwanza kwa siri (mnyama yeyote atakayenasa, hata mwenye mimba) hana kiongozi wa kuulizwa. Chama cha namna hii huwa naye, na ofisa wa wanyamapori anaweza kukaa naye wakapatana.