Kuzuia, Kukataa na Kutupa: Istilahi za Mwongozo Mmoja wa Barua Pepe

Mwongozo tunaouchambua hapa haukupata kuchapishwa. Ni kabrasha la kurasa chache, lililotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa matumizi ya ofisi moja mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, nalo lilitufikia likiwa na alama za wino mwekundu zilizotiwa pembezoni na fundi aliyelitumia. Lahusu namna ya kuitengeneza seva ya barua pepe ili itenge barua zisizotakiwa. Wengi wa wasomaji wetu hawatapata kuigusa seva maishani mwao. Hata hivyo tumeona kabrasha hili lawahusu, kwa kuwa makosa yake si ya ufundi bali ni ya istilahi, na kwa ajili ya istilahi hizo watu waliandika barua zisizosomwa na mtu.

Kisa chenyewe ni hiki. Ofisi hiyo ilikuwa ikipokea kwa barua pepe maombi ya vikundi vya wakulima wa parachichi. Baadhi ya vikundi vikaja kulalamika kwamba viliomba mapema na havikujibiwa. Ofisi ikasema haikupokea kitu. Kila upande ukauona mwingine kuwa mwongo. Fundi alipotakiwa kuchunguza alilifungua kabrasha akakuta ushauri huu: barua halali zikipotea, "ongeza kiwango cha uzuiaji".

Akausoma mara mbili. Barua zapotea kwa kuzuiwa kupita kiasi. Yawezekanaje dawa yake iwe kuzidisha uzuiaji? Akadhani ni kosa la mpiga chapa, akafanya kinyume: akaishusha tarakimu iliyokuwa 5 ikawa 2. Tangu siku hiyo zikapotea nyingi zaidi.

Sisi twaona fundi huyu hakukosea. Alisoma Kiswahili kama Kiswahili kinavyosomeka. Aliyekosea ni mfasiri, na kosa lake ladai kuelezwa kirefu kidogo. Programu ya SpamAssassin, inayotumiwa na seva hiyo, haizuii barua yoyote. Kazi yake ni kuipima kila barua kwa kanuni nyingi, kuipa alama kwa kila dalili mbaya, kisha kuzijumlisha. Barua ikifikia alama 5, ambayo ndiyo programu huja nayo, hutiwa chapa ya kushukiwa. Basi tarakimu ile si kipimo cha ukali hata kidogo. Ni alama ambayo barua sharti iifikie ndipo ihukumiwe. Ukiipandisha, ushahidi zaidi watakiwa, na barua chache hutiwa hatiani. Ukiishusha hadi 2, hata barua yenye kasoro ndogo ya uandishi yaweza kuhukumiwa. Walimu wataielewa hali hii upesi wakikumbuka alama ya kufaulu katika mtihani: ikipandishwa, wanaofaulu hupungua. Ajabu ni kwamba hapa "kufaulu" ni kuonekana mbaya.

Wako wanaotumia neno "kizingiti" kwa dhana hii. Hatuliafiki katika muktadha huu, kwani kizingiti kwa Mswahili ni kitu cha mlangoni kinachomkwaza apitaye, na "pandisha kizingiti" kutamrudisha fundi kule kule kwenye kuzidisha kikwazo. Twapendekeza "alama ya mpaka". Ni maneno ya kawaida, wala hayamwambii msomaji uongo juu ya upande ambao tarakimu yaelekea.

Kosa la pili ni zito zaidi. Katika kabrasha zima kitenzi "zuia" chatumika kwa amri nne zilizo mbali mbali. Programu ya Postfix, ambayo ndiyo inayopokea barua na kuamua hatima yake, ina amri za REJECT, DEFER, HOLD na DISCARD, na mfasiri ameziandikia zote "zuia barua". Amri ya kwanza huikataa barua mlangoni kwa jibu la tarakimu inayoanza na 5, na seva iliyoileta humwarifu mwandishi kwamba barua yake haikupokewa. Ya pili hujibu kwa tarakimu inayoanza na 4, maana yake "rudi baadaye". Seva ya kiungwana hurudi, na watumaji wengi wa barua za ovyo hawajisumbui kurudi. Maana za tarakimu hizo ziliwekwa katika waraka wa mwaka 1982 ulioratibu upelekaji wa barua pepe. Ya tatu huipokea barua na kuishikilia hadi msimamizi aamue. Ya nne huitikia kwamba barua imepokewa vema, kisha huiangamiza. Mwandishi haarifiwi na mwandikiwa haarifiwi.

Ofisi ile ilikuwa imewekewa amri hiyo ya nne kwa kila barua iliyotiwa chapa. Ndiyo maana wakulima waliamini barua zao zimefika, na ofisi ikaamini hazikuandikwa. Lau amri hiyo ingeitwa "kutupa kimya", twadhani hapana mtumishi wa serikali ambaye angeikubali bila kuuliza swali. Lakini "kuzuia" ni neno la heshima. Lasikika kama kazi ya bawabu hodari.

Kiswahili hakikukosa maneno. Twapendekeza REJECT iwe "kukataa", DEFER iwe "kuahirisha", HOLD iwe "kushikilia", na DISCARD iwe "kutupa". "Kushikilia" hulisikia kila siku katika taarifa za polisi, na kila mtu ajua kwamba anayeshikiliwa bado hajahukumiwa. Pale barua zinapowekwa mahali pa pekee zikingoja kukaguliwa, "karantini" pia yafaa. Wafugaji wa Rungwe wameizoea, nao wajua kuwa ng'ombe aliye karantini angali ng'ombe. Mwongozo wa Baraza watutaka tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda mbali, na hapa hakuna sababu ya kutoka nje ya nyumba.

Jambo la tatu ni "barua taka", istilahi ambayo imekwisha kuenea. Ina uzuri wake: ni fupi, na haisemi kwamba barua ni ya uongo, yasema tu kwamba haitakiwi. Lakini taka ni kitu cha kutupwa. Ukiiita barua taka kabla haijasomwa na mtu, umekwisha kutoa hukumu, na anayetupa taka hajioni ana kosa. Tungependa kutofautisha: barua iliyotiwa chapa na programu iitwe "barua shukiwa", na "barua taka" liwe jina la ile iliyothibitishwa na msomaji.

Juu ya "kuchuja" hatutasema mengi. Kwa asili huchujwa vitu vya majimaji, na kinachobaki katika chujio ni machicha. Chekeche za viwanda vya chai zingetupa mfano ulio karibu zaidi: hutenga chai kwa daraja, na kila daraja ina mfuko wake. Lakini "kichujio" kimeshika mizizi, nasi hatuoni faida ya kuking'oa.

Tumecheka mahali pamoja, nasi twaomba radhi. Programu hufundishwa kwa barua 200 mbaya na 200 nzuri kabla ya kuanza kutumia mafunzo hayo. Kabrasha laagiza: "ifundishe kwa spamu 200 na hamu 200." SPAM ni nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Hormel ya Marekani mwaka 1937, jina hilo lilihamia kwenye barua za kero kutokana na mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Uingereza wa mwaka 1970, ambamo neno hilo lilirudiwa hadi likafunika mazungumzo yote. Watunga programu, kwa utani, wakaziita barua njema jina la Kiingereza la paja la nguruwe. Mfasiri akatohoa, ikawa hamu. "Barua halali" yatosha.

Tusimnyime sifa zake. Neno HELO, ambalo seva hulitamka inapofika kwa seva nyingine, amelifasiri "hodi", nasi hatukupata kuona tafsiri bora kuliko hiyo. Lakini pale alipopaswa kuandika "daftari la seva", yaani orodha ya yote yaliyotendeka, ameandika "uingiaji", na fundi akapoteza muda akitazama nani aliingia katika mtambo. Daftari lilikuwapo siku zote, na ndani yake kila barua iliyotupwa imeandikwa.

Alipolifungua hatimaye, fundi aliirudisha alama ya mpaka kuwa 5 na kubadili DISCARD kuwa HOLD. Barua zilizokwisha kutupwa hazikuweza kupatikana, na vikundi vikatakiwa kuandika upya. Katika ukurasa wa nne wa kabrasha, kando ya neno "zuia", ameandika kwa wino mwekundu: "Kuzuia vipi?"