Hadithi Inapobebwa na Machungu

Uvumi hauna miguu. Hubebwa na nyoyo za watu. Hofu huupa mbio, na machungu huupa umri mrefu. Ukitaka kuliona hilo, soma kitabu cha Bibi Liisa Malkki, Purity and Exile, kilichotolewa mwaka 1995.

Katikati ya miaka ya 1980 mwandishi huyu alikwenda Mishamo, upande wa Mpanda, ambao leo umo katika mkoa wa Katavi. Huko waliishi wakimbizi wa Kihutu walioikimbia Burundi kwa mauaji ya 1972. Akawasikiliza, na masimulizi ya huyu na yule yakafanana mno: Mtutsi ni mgeni mwenye hila, Mhutu ni mwenyeji mwema aliyedhulumiwa. Kisha akenda Kigoma mjini, kwa wakimbizi wa msiba ule ule. Hao walikwisha changanyika na wenyeji na kuoana nao, na hadithi ile hawakuishughulikia sana.

Hapa ndipo penye faida ya kitabu. Msiba ulikuwa mmoja, lakini kambini watu walitengwa pamoja na huzuni yao. Hadithi ikadumu kwa kuwa iliyapa maana mateso yao, si kwa kuwa kila neno lake lilipimwa.

Lakini tuna neno na mwandishi. Yeye hataki kupambanua kipi kweli na kipi si kweli. Yamtosha kuonyesha hadithi inavyofanya kazi. Kwa mtaalamu huenda yatosha. Kwa mzazi hayatoshi. Mauaji yale yalikuwa kweli, na aliyefiwa ana haki ya kulia. Lakini kutoka kusema "waliniulia ndugu yangu" hadi kusema "kabila lile lote ndivyo lilivyo" pana hatua, na hatua hiyo huvukwa kwa uchungu, si kwa ushahidi. Mwaka 1993, alipouawa Rais Ndadaye, damu ilimwagika tena Burundi, na watu wa pande zote mbili waliuawa kwa ajili ya kabila lao tu.

Nasi wa pwani tusijione tumesalimika. Mwaka 1995, kwa hofu ya Popobawa, watu wa Pemba na Unguja walilala nje makundi kwa makundi.

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat yatuamrisha kuichunguza khabari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Basi khabari ikikupandisha ghadhabu kabla hujauliza nani aliyeona, izuie kwako. Wanao wanakusikiliza.