Majonzi ya Noodles na Mgawanyiko wa Hadhira: Upokezi wa Filamu ya Once Upon a Time in America

Sehemu hii inahakiki namna watazamaji walivyoipokea filamu ya Sergio Leone, Once Upon a Time in America (1984), kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususani hoja ya Hans Robert Jauss kuhusu upeo wa matarajio ya hadhira. Filamu hiyo inasimulia maisha ya Noodles, jambazi wa Kiyahudi wa mtaa wa Lower East Side jijini New York, tangu utotoni hadi uzeeni mwaka 1968.

Kwanza, hadhira haikupokea kazi moja. Toleo lililooneshwa Cannes lilikuwa la dakika 229, ilhali Wamarekani walipelekewa toleo la dakika 139 ambalo matukio yake yalipangwa upya kufuata mfuatano wa wakati. Mhakiki Roger Ebert alilisifu toleo refu na kulishutumu fupi. Tofauti hiyo haitokani na urefu pekee. Katika toleo refu, simu inaita zaidi ya mara 20 kabla mtazamaji hajajua kwamba Noodles ndiye aliyewachongea wenzake kwa polisi. Mtazamaji anabebeshwa uzito wa hatia kabla ya kuijua hatia yenyewe. Mbinu rejeshi ikiondolewa, matukio hubaki lakini majonzi hupungua.

Pili, majonzi hayo yamewagawa watazamaji. Wapo wanaomlilia Noodles kama mtu aliyeporwa miaka 35 ya maisha yake. Wapo pia wanaokataa kumlilia kwa kuwa anambaka Deborah, mwanamke anayedai kumpenda, kisha filamu inaendelea kuomboleza hasara ya mbakaji kuliko ya aliyebakwa. Ni rahisi kulituhumu kundi hili kwamba limeshindwa kutenganisha sanaa na maadili.

Mtafiti hakubaliani na tuhuma hiyo, kwani ushahidi umo ndani ya filamu yenyewe. Katika matukio ya 1968, Noodles anagundua kwamba rafiki yake Max hakufa, bali ndiye aliyemsaliti. Hivyo, msaliti anageuka msalitiwa. Deborah naye anakubali kuzungumza naye. Kisha filamu inarudi mwaka 1933: Noodles amelala katika nyumba ya kuvutia kasumba, akitabasamu. Baadhi ya watazamaji huyachukulia matukio ya 1968 kuwa ndoto ya kasumba. Filamu haithibitishi wala haikanushi usomaji huo. Hata hivyo, ukikubaliwa, uzee wote wa Noodles unakuwa faraja aliyojitungia mkosaji.

Kwa hiyo, wanaokataa kumlilia Noodles hawajashindwa kuisoma filamu. Wamelikataa pendekezo ambalo filamu yenyewe inalitilia shaka kwa tabasamu lile la mwisho. Mhakiki wa filamu ya majonzi hana budi kuuliza si tu iwapo hadhira ililia, bali pia ni maumivu ya nani yaliyofunikwa na machozi hayo.